Nilimaliza kemo ya saratani ya korodani, je, naruhusiwa kuzamia na mtungi?

Mzamiaji_Tongoni: Wakuu, salaam. Nipo Tanga. Nilitolewa korodani moja, kisha nikapewa kemo Dar: bleomaisini, etoposidi na sisplatini. Ni miaka sasa, vipimo safi, alhamdulillahi. Ila masikio yanalia nziii, usiku ndiyo balaa, na vidole vya miguu vina ganzi. Juzi kandambili imenivuka njiani, nimekuja kuambiwa na mtoto aliyekuwa nyuma yangu. Sasa kuna kazi ya kuzama na mtungi wa hewa kukagua matumbo ya meli. Hela nzuri, ila mama watoto hataki hata kusikia. Nishaurini.

Nesi_Chumbageni: Shemeji yuko sahihi, usiuguse huo mtungi kwanza. Bleomaisini inaweza kuacha makovu kwenye mapafu, nawe hujijui mpaka upimwe. Nenda kapigwe picha ya kifua, upulize na kile kipimo cha pumzi, daktari aamue. Na ukipelekwa siku yoyote kufanyiwa upasuaji, mwambie mtu wa usingizi kabla hajakulaza kwamba ulipata dawa hiyo, maana oksijeni nyingi nayo inaweza kudhuru mapafu hayo. Kama unavuta sigara, acha.

Mwana_Pangani: Chemsha majani ya mlonge, ganzi itakwisha yenyewe.

Nesi_Chumbageni: Mlonge ni mboga, ale tu. Ila hiyo ganzi ni mishipa ya fahamu iliyoumizwa na sisplatini, na figo nazo huwa zimepigwa, kwa hiyo madawa ya chupa ya stendi asiyaguse. Na akiandikiwa sindano za jenta, yaani jentamaisini ya kuua bakteria, aseme mapema, zinaumiza figo na masikio yale yale.

Babu_Kijana: Mdogo wangu, nilipita huko huko. Masikio hayajarudi, simu ikiita chumba cha pili siisikii, nimezoea. Kilichonitesa ni uchovu na kukosa hamu ya ndoa. Nikadhani uzee, kumbe homoni ya kiume iko chini. Hupimwa kwa damu, asubuhi. Presha, sukari na mafuta ya damu pia usiache kupima, dawa hizi za kemo huongeza hatari ya moyo hata miaka mingi baadaye.

Mzamiaji_Tongoni: Mtungi naweka pembeni mpaka nipimwe. Hiyo homoni, hospitali ya Bombo wanapima?

Babu_Kijana: Anzia hapo hapo. Wakikosa watakuandikia rufaa. Nenda na karatasi zako zote za kemo.