Moshi wa moto wa msituni Portland: mume wangu yuko kitaluni, nyumbani madirisha hayazuii kitu

MamaNeema_PDX
Habari zenu ndugu zangu. Naishi mashariki ya Portland, Oregon, karibu na barabara ya 122. Moshi umerudi, jua limekuwa jekundu, na simu inaonyesha kipimo cha hewa (AQI, namba ikipanda hewa ni mbaya zaidi) 168. Mume wangu anafanya kazi kwenye kitalu cha miche upande wa mji wa Boring, nje mchana kutwa. Alipoomba barakoa, msimamizi akamwambia kila mtu ajinunulie. Nyumbani madirisha ni ya zamani, moshi unapenya hata yakifungwa, na tukiyafunga joto linatushinda maana AC hatuna. Neema ana pumu.

Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, moshi wa kuni naujua. Lakini ule ukikuzidi unatoka nje unapumua. Huu uko nje, na ndani unakufuata. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nafanya usafi kwenye nyumba za West Hills, mtaa wa wenye uwezo. Kule madirisha yanabana, hewa inachujwa, wenye nyumba wanafanyia kazi mezani kwao. Nikiingia kifua kinafunguka, jioni narudi kwa mtoto anayekohoa. Tufanye nini, na mume wangu adai vipi bila kufukuzwa?

Sadiki_Woodburn
Pole sana mama Neema. Mwambie shemeji msimamizi wake anakosea. Oregon ina kanuni ya moshi kazini tangu Julai 2022: AQI ikifika 101, mwajiri lazima awape wanaofanya kazi nje barakoa za N95 (zinazochuja chembe ndogo) bure, na awaeleze hatari za moshi kwa lugha wanayoielewa. Nyinyi mko 168! Waende wengi kwa pamoja, asiende peke yake. Akikataa, wapige simu Oregon OSHA (idara ya jimbo ya usalama kazini), waombe mkalimani wa Kiswahili, na waombe majina yao yasitajwe. Kumwadhibu mfanyakazi kwa kulalamika ni kosa kisheria.

Barakoa ya kitambaa haisaidii, chembe za moshi huu ni ndogo mno. N95 nayo lazima ibane uso. Mwenye ndevu nyingi hewa inampitia pembeni.

BiAsha_Gresham
Mama Neema, chagueni chumba kimoja, mlale wote humo. Nunua feni ya mraba ya inchi 20 na vichujio vinne vya inchi 20 kwa 20 vilivyoandikwa MERV 13 (kiwango cha kuchuja chembe ndogo). Visimamishe viwe kuta nne za boksi, mishale iliyochorwa kwenye vichujio ikielekea ndani, chini weka kadibodi, juu laza feni ipulize kwenda juu. Ziba kila upenyo kwa selotepu pana. Mimi ninayo na inafanya kazi. Taulo mbichi chini ya mlango. Moshi ukiwepo usikaange, na udi weka kando kwanza, maana nao ni moshi.

Joto likizidi msijifungie humo. Juni 2021 Portland ilifika nyuzi 46, na wengi waliokufa walikuwa ndani ya nyumba zisizo na AC. Nendeni maktaba kwenye AC. Na kama Neema yuko kwenye OHP (bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo), muulize daktari wake kuhusu mashine ya kuchuja hewa. Tangu Machi 2024 bima hiyo ilianza kuwapa baadhi ya wagonjwa.

MamaNeema_PDX
Asanteni mno. Swali moja: kwenye ramani ya moshi, West Hills kuna vitone vingi vya vipimo, huku kwetu viwili vitatu tu. Niamini kipi?

Sadiki_Woodburn
Vile vidogo watu hujinunulia na kuvifunga majumbani mwao, ndiyo maana vimejaa kwa wenye uwezo. Tazama kilicho karibu nanyi, na cha karibu na Boring kwa ajili ya shemeji. Apige picha ya namba hiyo kila asubuhi, aitunze kwenye simu. OSHA wakija kukagua, awaonyeshe.

MamaNeema_PDX
Nimemtumia sasa hivi. Anasema wenzake sita wako tayari kwenda naye kesho kabla ya zamu.