Kuhamia London na watoto: shule inataka mkataba wa pango, na mkataba si wetu

Mama Wawili, London Mashariki. Jumapili, saa 4:10 usiku

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, na wakubwa shikamooni.

Tumehama kutoka mji mdogo wa Lincolnshire wiki tano zilizopita. Mume wangu yuko kwenye viza ya Health and Care, ile ya wahudumu wa afya na wa wazee, tangu 2023. Mwajiri wa zamani alimpunguzia saa mpaka mshahara ukawa hautoshi hata pango, naye akahangaika miezi saba ndipo akapata COS (cheti cha udhamini) ya mwajiri mwingine huku London. UKVI, idara ya viza, walipokubali alitakiwa aanze mara moja. Kwa kuwa hatukuwa na amana na pango la mwezi wa kwanza kwa mpigo, ndugu mmoja wa nyumbani alitupa chumba katika nyumba aliyopanga yeye. Tunamlipa kila Ijumaa, pesa mkononi, bila karatasi yoyote.

Tatizo ni shule ya mkubwa wangu, mwenye miaka sita. Nilijaza maombi ya katikati ya mwaka siku ya pili baada ya kufika, na halmashauri imeyarudisha mara tatu. Mara ya kwanza walitaka mkataba wa pango wenye jina letu pamoja na bili ya kodi ya halmashauri. Mara ya pili nilipeleka taarifa ya benki, wakasema anwani ni ya Lincolnshire. Nikabadilisha anwani benki, nikapeleka tena, wakasema taarifa hiyo peke yake haitoshi, na kwamba mwenyeji wetu aandike barua na aambatanishe bili yake. Mwenyeji hataki kuandika. Hajatoa sababu. Kila nikiligusa jambo hilo ananiambia tutazungumza mwisho wa wiki.

Shule ya zamani imeshamfuta kwenye daftari, kwa sababu mimi mwenyewe niliwaandikia kwamba tunahama. Mtoto anaamka saa moja asubuhi, anavaa sweta lake la kijani la shule ile, anakaa dirishani mpaka watoto wa mtaa wapite. Wakishapita analivua, analikunja mwenyewe, analiweka chini ya mto.

Swali langu ni moja. Mtu anayeishi katika chumba cha mwenzake bila mkataba anathibitishaje makazi yake, iwapo mwenyeji hataki kuandika barua?

Baba Mdogo, Leeds. Jumapili, saa 5:25 usiku

Pole sana, Mama Wawili. Kabla ya kuhangaika na shule, naomba nikuulize jambo kubwa zaidi: mume alipopata COS mpya, wewe na watoto mliomba pamoja naye? Kama hamkuomba, basi hamna hadhi yoyote hapa nchini tangu siku aliyokubaliwa, na ukumbuke kwamba tangu Machi 2024 wahudumu wa wazee hawaruhusiwi tena kuwa na wategemezi. Mimi nilipobadili mwajiri tuliomba wote wanne siku moja, tukalipa ada ya wote wanne, na ingawa iliniumiza mfuko, nililala usingizi. Usipeleke karatasi zaidi halmashauri kabla hujaonana na mwanasheria.

Muuguzi, Luton. Jumatatu, saa 1:50 asubuhi

Baba Mdogo, hii ni mara ya tatu unaandika jambo hili hapa, na ni mara ya tatu linamnyima mama wa watu usingizi bila sababu. Mtegemezi anabaki na viza yake mpaka tarehe iliyoandikwa kwenye eVisa yake mwenyewe. Mhusika mkuu akibadili mwajiri, mtegemezi halazimiki kuomba siku hiyohiyo, mradi aombe kabla tarehe yake haijafika. Kosa linaloumiza watu ni kudhani kwamba COS mpya ya mume imewasogezea mke na watoto tarehe yao, na wapo walioligundua hilo wakiwa wamechelewa. Zuio la tarehe 11 Machi 2024 nalo halimgusi aliyekuwa tayari kwenye njia hiyo kabla ya siku hiyo, hata akibadili mwajiri.

Mama Wawili, fungua akaunti yenu ya UKVI leo, utazame tarehe yako na ya kila mtoto, na ubadilishe anwani mkiwa humo humo. Ukishafanya hivyo, endelea na shule.

Kuhusu kukaa chumba cha mtu, ninakuelewa kabisa. Sisi tulipohamia hapa mwaka 2023 tulipata nyumba ya paundi 1,400 kwa mwezi. Kisheria amana haizidi pango la wiki tano, ambayo ilikuwa takriban paundi 1,615, na hizo tulikuwa nazo pamoja na pango la mwezi wa kwanza. Wakala wa nyumba akasema, kwa kuwa hatuna rekodi ya kulipa hapa nchini, tulete mdhamini mwenye nyumba yake au tulipe miezi sita mbele. Miezi sita ni paundi 8,400. Tukaishi chumba kimoja miezi minne, watu watano. Anayekuuliza kwa nini hukutafuta nyumba kwanza hajawahi kuitafuta.

Mtani, Glasgow. Jumatatu, saa 7:15 mchana

Mimi sielewi kwa nini mnalifanya jambo hili kuwa zito. Nilipohamia hapa nilimshika mtoto mkono, nikaenda shule ya mtaa wetu, nikazungumza na mwalimu mkuu, na baada ya siku mbili mtoto alikuwa darasani. Kila mtaa una shule yake, na shule hiyo inawahusu watoto wa eneo lake. Mama Wawili, acha fomu za mtandaoni na uende mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu, Birmingham. Jumatatu, saa 2:40 usiku

Mtani, Scotland ina sheria zake za shule na England ina zake, na ushauri wa Glasgow ukipelekwa London unaweza kumpotezea mtu wiki nzima. Nimekuwa msaidizi wa darasa hapa kwa miaka 11, na kila Septemba na kila Januari nimewaona wazazi wetu wakija getini na mtoto aliyevaa sare, wakitumaini kuingizwa siku hiyo. Hapa haiendi hivyo.

Hata hivyo, sehemu moja ya ushauri wako ina ukweli, nami nitaieleza vizuri. Katika England shule nyingine hupokea maombi ya katikati ya mwaka kupitia halmashauri, na nyingine hupokea zenyewe. Kanuni za udahili za 2021 zinasema mwombaji ajibiwe ikiwezekana ndani ya siku 10 za shule, na kwa vyovyote isizidi siku 15. Shule yenye nafasi, ambayo waombaji wake hawajazidi nafasi hizo, haitakiwi kumkataa mtoto. Kujua nani anaishi wapi kunahitajika hasa pale waombaji wanapokuwa wengi kuliko nafasi, kwa sababu ndipo umbali wa nyumba unapopimwa. Kwa hiyo, dada yangu, iandikie halmashauri uulize ni shule zipi zina nafasi katika darasa la mtoto wako. Ukiuliza, wanatakiwa wakujibu. Kisha omba hizo, hata kama ziko mbali kidogo, kwa maana ndani ya London mtoto wa chini ya miaka 11 hapandi basi kwa nauli.

Ugumu wako mwingine ni umri. Madarasa ya Reception (la awali), la Kwanza na la Pili hayaruhusiwi kuzidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja, na wa kwako yuko humo. Ndiyo maana wa miaka minane huwa anapata haraka kuliko wa miaka sita, na ndiyo maana rufaa za wadogo hawa hushinda mara chache. Lakini andika pia kwamba mtoto amekaa nje ya shule zaidi ya wiki nne. Kila halmashauri ina utaratibu wa kuwatafutia nafasi watoto waliokosa shule, na mtoto aliyefikisha wiki nne bila shule yoyote ya karibu yenye nafasi anaingia humo.

Mambo mawili ya mwisho. Elimu ya shule ya serikali si sehemu ya NRPF, yaani lile sharti la viza linalotuzuia kupokea misaada ya serikali, kwa hiyo mtu yeyote asikutishe kwamba kumwandikisha mtoto kutaharibu viza. Na kwa wengine mnaojiandaa kuhama, nawaomba kwa moyo wangu wote: msimfute mtoto kwenye daftari la zamani kabla hamjapata barua ya nafasi mpya. Baba atangulie kazini, mama na watoto wabaki mpaka barua ije. Najua ni kulipa pango mara mbili na ni upweke. Nimewaona watoto waliokaa nyumbani muhula mzima, na nimewaona waliorudi darasani wakiwa wamesahau hata kuinua mkono.

Bi Mkubwa, Reading. Jumanne, saa 3:05 asubuhi

Marahaba, mwanangu. Wote wamekujibu mambo ambayo hukuyauliza, kwa hiyo acha nikueleze kwa nini mwenyeji wako hataki kuandika.

Mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25 ya kodi ya halmashauri. Mlipoingia ninyi wawili, punguzo hilo lilikufa, naye alipaswa kutoa taarifa. Barua unayomwomba inakwenda kwa halmashauri ileile inayompunguzia. Zaidi ya hapo, mikataba mingi ya pango humkataza mpangaji kuingiza watu bila ruhusa ya mwenye nyumba, na wewe umesema mnamlipa. Si kwamba hawapendi wanao. Anaogopa kufukuzwa, kisha mtatoka wote.

Nasema hivyo kwa sababu nimekuwa mwenyeji. Nimepokea familia mbili katika nyumba hii, na ya pili ilikaa miezi kumi na moja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini hawakuwahi kuishi mahali ambapo jembe lenyewe linahitaji kibali. Mwenye nyumba alipokuja kutazama boila akakuta magodoro sebuleni, niliandikiwa barua ya onyo, na mpaka leo nikisikia mlango unagongwa mchana moyo unaruka. Kwa hiyo zungumza naye kwa upole, mfungieni mlango watoto wasisikie, na utoe wewe kwanza hoja ya kulipa ile tofauti ya asilimia 25.

Nyumbani ungekwenda kwa mjumbe. Angejua mliingia lini, mlikuja na godoro la rangi gani, na mwanao anaumwa nini. Angekuandikia nusu ukurasa, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akagonga muhuri, ukaenda shule na uhamisho wako mkononi. Hapa nimeishi miaka 19, na hakuna mtu mmoja mtaani anayeweza kuandika kwamba ananifahamu.

Mwana wa Likoni, Milton Keynes. Jumanne, saa 6:30 mchana

Bi Mkubwa, kwa heshima zote, tusiisifu mno karatasi ya nyumbani. Kwetu Kenya ni barua ya chifu, na mamangu aliifuata siku nne, akiambiwa kila siku chifu yuko mkutanoni, hadi alipoelewa kilichokuwa kikingojwa. Hapa angalau wanakuandikia sababu ya kukukataa, na sababu iliyoandikwa unaweza kuijibu.

Baba Mdogo, Leeds. Jumanne, saa 4:00 usiku

Nimesahihishwa, nami nakubali kuhusu tarehe za wategemezi. Lakini hofu yangu haikutoka hewani. Waraka wa serikali wa Mei 2025 ulipendekeza muda wa kungoja ILR (kibali cha kuishi hapa moja kwa moja) upandishwe kutoka miaka mitano hadi kumi, na sisi tuliokuja tukihesabu mitano tumepanga maisha yote juu ya hesabu hiyo. Mwanangu wa kwanza atakuwa amemaliza sekondari. Watu wanapohama mji kufuata mwajiri, ndilo jambo linalowasukuma: hakuna anayeweza kukaa bila kazi, kwa sababu mwajiri akikuacha unapewa siku 60 na saa inaanza kuhesabu. Ndiyo maana baba anahama leo na shule inatafutwa kesho. Naomba Mwalimu asitulaumu sana.

Mwalimu Mstaafu, Birmingham. Jumatano, saa 12:20 asubuhi

Sikumlaumu mtu. Nimesema mtoto atangulizwe katika hesabu, si katika gari.

Mama Wawili, London Mashariki. Alhamisi, saa 3:45 usiku

Ndugu zangu, asanteni wote, pamoja na wewe Baba Mdogo. Tarehe zetu zote kwenye eVisa zinafika mwaka ujao, na nimeziandika nyuma ya mlango wa kabati.

Nilikwenda kituo cha GP, daktari wa mtaa, kilicho karibu. Walitusajili bila kudai uthibitisho wa anwani, nami nimeomba barua yenye majina yetu na anwani hii. Halmashauri imenitumia orodha ya shule tatu zenye nafasi katika darasa lake. Ya karibu zaidi ni mabasi mawili. Nimeziomba zote, nikaambatanisha barua ya GP na taarifa ya benki, na nikaeleza kwamba mtoto yuko nje ya shule wiki ya sita.

Jana usiku nilizungumza na mwenyeji kama Bi Mkubwa alivyonielekeza. Alikaa kimya muda mrefu akizungusha funguo mezani, kisha akasema hofu yake ni ileile uliyoitaja. Nimejitolea kulipa tofauti ya kodi. Amesema atafikiri, na hajanijibu.

Leo jioni wamenipigia simu kutoka halmashauri. Wamesema barua ya GP wameipokea, lakini bado wanaomba barua ya mwenyeji. Kwa hiyo narudi palepale nilipoanzia: kuna yeyote kati yenu aliyewahi kukubaliwa bila barua hiyo, na alipeleka nini mahali pake?

Muuguzi, Luton. Ijumaa, saa 1:10 asubuhi

Sisi mwenyeji wetu aliandika, kwa hiyo siwezi kukujibu hilo. Lakini niambie huyo mdogo ana miaka mingapi. Akishapita mitatu, kuanzia muhula unaofuata ana haki ya zile saa 15 za bure za chekechea hata kwa mwenye NRPF. Zile saa 30 ndizo zisizotuhusu.