Nimeswapu USDT kwenye pochi, imeandika IMEKAMILIKA, salio SIFURI! Siku 6 watu wa msaada wananizungusha

Wakuu salaam. Mods naomba msiufunge huu uzi, najua kuna mtu saa hizi ana simu mkononi anatetemeka kama nilivyokuwa natetemeka mimi Jumanne iliyopita, na anasoma kila kitu anachokutana nacho. Nina hasira na nitaandika kirefu, mnivumilie.

Iko hivi. Nilikuwa na USDT 412 (sarafu ya kidijitali, moja ni kama dola moja) kwenye netiweki ya BNB. Kuna mtu nilitakiwa nimlipe, yeye anapokea USDC (nayo ni sarafu ya dola kama USDT) kwenye netiweki ya Polygon tu, hataki kingine. Sasa pochi ninayotumia, ni apu ya simu, ina kitufe cha kuswapu (kubadilisha sarafu moja kwa nyingine) humo humo ndani, unachagua unachotoa na unachotaka hata kama viko netiweki mbili tofauti, wao wanakuambia tulia tutamaliza kila kitu. Nikachagua, ikaniambia utapata kama 407 hivi, makato yao karibu asilimia 1, nikasema sawa. Nikasaini mara mbili, ya kwanza ni ile ruhusa ya mkataba (programu inayojiendesha yenyewe kwenye blokcheini) kugusa USDT zangu na ya pili ndo swapu yenyewe, gesi (ada ya netiweki) ikakatwa mara zote mbili kwenye BNB yangu. Dakika kama nne hivi ikaja tiki ya kijani na maandishi makubwa IMEKAMILIKA.

Narudi ukurasa wa mwanzo. USDT 0. USDC 0.

Nikavuta chini kurifreshi, sifuri. Nikazima data nikawasha, sifuri. Nikabadilisha netiweki nikaenda Polygon kwa mkono, sifuri. Nikasubiri nusu saa nikijiambia labda netiweki imejaa. Sifuri. Lakini kwenye historia ya apu ile tiki bado ipo palepale, kijani, imekamilika. Wakuu hiki ndo kitu kilichoniuma kuliko vyote, bora ingeandika imefeli ningejua pa kuanzia.

Nikafungua tiketi kwa watu wa msaada. Nikaweka hashi ya muamala (namba yake ya utambulisho), anwani yangu, saa, kiasi, skrinshoti tatu. Jibu la kwanza limekuja baada ya saa 19: "Mpendwa mteja, tafadhali futa kache ya programu." Nikafuta kache. Hamna kitu. Jibu la pili: "Tafadhali ondoa programu na uisakinishe upya." Basi. Hakuna aliyeniuliza kama nina yale maneno 12 ya siri ya kurudishia pochi nimeyaandika mahali!! Mnaelewa hatari yake? Mtu asiyekuwa na yale maneno kwenye karatasi akifuta apu ndo amefuta funguo zake mwenyewe, hakuna ofisi ya kwenda kulia, hakuna wa kumrudishia. Na ushauri huo umetoka kwa watu wa pochi yenyewe, wameupesti tu kama wanavyompestia kila mtu.

Mimi nilikuwa nayo kwenye karatasi, nikafuta, nikasakinisha, nikaingiza maneno yote 12. Ikafunguka. SIFURI KILA KITU. Safari hii hata BNB niliyobakiza ya gesi haipo, hata tokeni nyingine nilizokuwa nimeziacha humo miezi kibao hazipo. Nilikaa chini sakafuni, sisemi hivyo kupamba stori, nilikaa chini kweli miguu imekataa. Kumbe nini? Maneno yale yale 12 yanazaa akaunti nyingi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mimi siku zote nilikuwa natumia akaunti ya pili. Ukirudisha pochi upya yao inakufungulia ya kwanza tu, ambayo haikuwahi kuwa na kitu. Nilikuja kujua kesho yake baada ya kukaa macho usiku mzima, ukibonyeza ongeza akaunti ile ya pili inarudi na anwani yake ile ile na vitu vyake vyote. Na kama una akaunti uliyoiingiza kwa ufunguo wake wa siri peke yake hiyo hairudi hata kidogo kwa maneno 12, lazima uwe umetunza ule ufunguo. Haya yangeandikwa sentensi mbili kwenye ule ujumbe wa "sakinisha upya" kuna mtu angekufa?

Sasa kwenye huo usiku ndo nikafanya kosa, na hapa naomba msome taratibu. Niliandika kwenye grupu lao la msaada, lile ambalo wao wenyewe wameweka linki yake ndani ya apu, nikaeleza tatizo. Haikupita dakika mbili nikapata meseji inboksi, picha ni nembo ile ile, jina limeandikwa msaada, Kiswahili kizuri kabisa cha upole, pole sana ndugu, tatizo lako linajulikana, pochi yako haijaoanishwa na netiweki, ingia hapa uioanishe. Ukurasa una nembo, una kitufe oanisha pochi, ukibonyeza yanatokea masanduku 12 madogo. Mimi saa tisa usiku, sijalala, kichwa kinauma, nikaanza kuandika. Nilifika neno la saba. La saba wakuu. Kilichonizuia ni kwamba neno la nane kwenye karatasi yangu wino ulikuwa umefifia, nikawasha taa kubwa nilisome vizuri, na pale juu ya karatasi nilikuwa nimeandika mwenyewe kwa herufi kubwa siku nilipoianzisha ile pochi: USIMPE MTU YEYOTE. Nikafunga ile kurasa mikono inatetemeka.

Hakuna kitu kinaitwa kuoanisha pochi kwa maneno 12. Hakuna kuthibitisha pochi, hakuna kurekebisha pochi, hayo yote ni majina ya wizi mmoja. Na hao wezi wanaishi mle kwa sababu watu wa msaada wenyewe wanakaa saa 19 bila kujibu, mwizi anajibu kwa dakika mbili na anajibu kwa upole kuliko wao. Nawalaumu wao kwa hilo, na nimewaandikia hivyo hivyo kwenye tiketi.

Siku ya tano ndo mkuu mmoja humu humu, kwenye uzi wa zamani, akaniambia maneno ambayo sitayasahau: acha kuangalia pochi, angalia anwani. Maana pochi haina hela ndani wakuu, ni dirisha tu. Tokeni ni namba iliyoandikwa kwenye mkataba ulioko kwenye blokcheini, anwani fulani ina kiasi fulani, basi. Dirisha linaweza kuwa na ukungu lakini kilichoandikwa kule ndani kiko vile vile. Na anwani ile inayoanza na 0x ni moja kwenye Ethereum, BNB na Polygon, kwa hiyo swali la kwanza sio hela ziko kwenye pochi gani, swali ni ziko kwenye netiweki gani na chini ya mkataba gani.

Nikaingia BscScan, tovuti ya kuangalia miamala ya netiweki ya BNB, nikabandika hashi. Muamala umefanikiwa, USDT 412 zimetoka kwenda kwenye mkataba wa daraja, ule unaovusha hela kutoka netiweki moja kwenda nyingine. Sawa, upande wa kutoa hauna shida. Nikaingia Polygonscan, tovuti kama hiyo ya upande wa Polygon, nikabandika anwani YANGU, sio hashi, kwa sababu hashi ya BNB kule haipo, upande wa pili una muamala wake mwingine kabisa wenye hashi yake. Nikafungua sehemu ya uhamisho wa tokeni. Nikaiona. 407.63, imeingia dakika tatu tu baada ya mimi kusaini. Siku tano nalia na hela ilikuwa imekaa kwenye anwani yangu muda wote.

Lakini angalia jina lake: USDC.e. Sio USDC. Nikabonyeza mkataba wake, unaanza na 0x2791 unaishia na 4174. USDC ile ambayo pochi inaionyesha yenyewe bila kuambiwa ni mkataba mwingine, unaanza 0x3c49 unaishia 3359. Hii ndo siri yote. Polygon ina USDC za aina mbili, hiyo ya .e ni ya zamani iliyovushwa kwa daraja kutoka Ethereum, na ile nyingine ni ya Circle wenyewe, kampuni yenye USDC, wanaitoa moja kwa moja kwenye Polygon tangu Oktoba 2023. Kwa macho ya kompyuta hizo ni tokeni mbili tofauti hazijuani, hata kama zote thamani yake ni dola moja. Ile swapu ilipofika upande wa pili ilitakiwa ibadilishe mara ya mwisho kutoka .e kwenda USDC yenyewe, ile hatua ya mwisho ikashindikana, mkataba wa daraja ukaniachia ile ya katikati. Na pochi ikaweka tiki ya kijani kama vile nimepewa nilichoomba.

Nauliza wenye akili humu. Apu inajua ilichoniahidi. Apu inajua nilichopewa, maana ni yenyewe imefuatilia muamala mpaka mwisho. Apu inajua hiyo tokeni haijaiweka kwenye orodha yangu. Imeshachukua makato yake tayari. Inashindwaje kuandika mstari mmoja tu, umepokea USDC.e badala ya USDC, bonyeza hapa uione? Hilo halihitaji injinia wa anga. Mtu aliyepata alichokiomba na mtu aliyepata kitu kingine wote wanapewa tiki moja, huo kwangu ni uongo, siuiti hitilafu.

Kuiona nayo haikutosha. Nikaenda kwenye ongeza tokeni, nikachagua netiweki ya Polygon, nikabandika ule mkataba wa 0x2791, alama na desimali 6 vikajijaza vyenyewe, 407.63 ikatokea. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Halafu nataka kuiswapu iwe USDC ya kweli nimlipe mtu wangu, apu inaniambia huna gesi. Polygon gesi inalipwa kwa POL, ile iliyokuwa inaitwa MATIC kabla ya Septemba 2024, na mimi sijawahi kuwa nayo hata chembe. Kwa hiyo hata ile swapu ingefanikiwa asilimia mia bado ningekuwa na hela nisiyoweza kuisogeza! Hawakunionya popote kabla sijasaini. Ikabidi nimwombe mtu anitumie POL kidogo kwenye anwani hiyo hiyo, ndo nikamalizia. Aliyekuwa anangoja malipo alishaanza kunijibu neno moja moja, ameniona tapeli, na simlaumu, ningekuwa mimi ningefikiri hivyo hivyo.

Mkienda kuangalia anwani zenu kule mtakuta na tokeni nyingine ambazo hamkuzinunua, zina majina kama anwani ya tovuti au zimeandikwa chukua zawadi. Msiziguse, msijaribu kuziuza, msiingie hizo tovuti. Na mkataba wa kubandika kwenye pochi utoe kwenye muamala wako mwenyewe kule kwenye eksplora (hizo BscScan na Polygonscan) ukaulinganishe na ukurasa rasmi wa wanaoitoa hiyo tokeni, usiutoe kwenye komenti ya mtu, hata hizi herufi nilizoandika mimi usiziamini mpaka uzione kule mwenyewe. Jina na nembo kila mtu anaweza kunakili, mkataba hauna pacha kwenye netiweki moja.

Kwa sababu ya yale maneno saba niliyoyaandika kwenye ile kurasa ya wezi, nimetengeneza pochi mpya yenye maneno mapya na nimehamisha kila kitu, maana kurasa kama zile zinaweza kuwa zinanasa unachoandika hata kabla hujabonyeza tuma. Na ile ruhusa niliyoupa mkataba wa swapu kugusa USDT zangu nimeifuta pia, niliikuta imewekwa bila kikomo, sio 412, bila kikomo. Hiyo nayo hawakuniuliza.

Juzi ndo limekuja jibu la tatu kutoka msaada. Nalinukuu lote: "Miamala kwenye blokcheini haiwezi kurudishwa." Nani kaomba irudishwe?? Niliuliza iko wapi. Hashi mnayo, anwani mnayo, mtu mmoja akiibandika kule anajibu kwa sekunde 30, nyinyi siku sita mmeshindwa, mtu asiyenijua, asiyelipwa hata senti, ndo kanisaidia.

Nimewajibu nataka vitu viwili. Warudishe makato ya swapu ambayo hawakuikamilisha, na gesi niliyoilipa mara ya pili kubadilisha .e mwenyewe. Na waitoe ile tiki ya kijani pale mtu anapopewa tokeni tofauti na aliyoiomba. Mpaka naandika hapa tiketi imeandikwa "inashughulikiwa".

Kama kuna mkuu humu ilishamtokea akapewa .e badala ya aliyoiomba na alirudishiwa makato, aweke hapa aliwaandikia nini na walichukua muda gani. Na ambaye salio lake linasoma sifuri sasa hivi asifute apu, aweke hapa jina la netiweki ya kutoa, netiweki ya kupokea na hashi tu, nitaangalia naye. Maneno 12 usiniandikie mimi wala mtu yeyote, na mimi sitakufuata inboksi, akikufuata mtu anatumia jina langu ujue sio mimi.