Mmeweka picha yangu kwenye tangazo la chuo chenu na kazi ya ndege sijaipata mpaka leo, itoeni!

Wakuu salamu, naandika nikiwa na hasira so mnisamehe mpangilio. Jana usiku binti wa mamdogo kanitumia tangazo kaliona status ya mtu, chuo kimoja cha Dar cha uhudumu wa ndege kinaita wanafunzi wapya, na pale katikati ya tangazo nani? Mimi! Skafu shingoni, kikofia kimekaa upande, nacheka meno yote nje. Chini wameandika WAHITIMU WETU WAKO ANGANI. Angani wapi jamani, mimi niko Mgandini hapa Tanga nauza madira ya shangazi.

Ngoja niwaeleze nlivyopigwa. Nimemaliza form six, mama yangu anakaanga samaki pale Deep Sea, akapokea mchezo wake akaongezea na mkopo wa kikundi mpaka ikatimia milioni 1 na laki 8, ada ya miezi 6. Hapo bado chumba Mabibo, bado sare, bado kula. Chuoni kila siku wimbo ni uleule, anga inakua, serikali imenunua ndege, Terminal 3 ya uwanja wa ndege wa Dar imefunguliwa 2019, nyie ndo mnasubiriwa. Na ndege kweli zimenunuliwa sikatai, uongo uko kwenye hesabu ambayo hawakutupigia, nimekuja kuielewa mwenyewe nikiwa nimekaa nyumbani. Ndege ya viti 19 kushuka chini kwa kawaida haidai mhudumu kabisa, ikizidi hapo ni mhudumu 1 kwa kila viti 50. Sasa piga. Ile Bombadia Q400 ya pangaboi ya Air Tanzania ina viti 76, wahudumu wawili inaruka. Airbus A220 viti 132, watatu. Hata useme wanapokezana zamu, darasani kwetu peke yake tulikua 43 na hiyo ni mkupuo mmoja wa chuo kimoja, na vyuo vya hivyo Dar viko kila kona ghorofani juu ya duka la simu. Kwa Tanga ndo usiseme, vindege vinavyotua kwetu ni vile vya Cessna Caravan, abiria kumi na kitu, rubani mwenyewe anageuka nyuma anakwambia funga mkanda. Nikamhudumie nani, rubani?

Ila kilichoniuma zaidi ni cheti chenyewe. Shirika likikuchukua linakufundisha lenyewe upya, milango ya dharura, kuzima moto, kushusha abiria, tena kwa aina ya ndege zao wao. Mfano Emirates, masharti yao wameyaweka wazi mtandaoni mtu yeyote anasoma: umri kuanzia 21, elimu ya sekondari, mwaka mmoja wa kuhudumia wateja, kiingereza, urefu sm 160 na ukisimama kwa vidole vya miguu mkono ufike sm 212. Cheti cha kozi ya ndege hawakuulizi, mafunzo unaenda kupewa Dubai baada ya kuajiriwa. Kumbe mwaka mmoja wa kupokea wageni kwenye hoteli za Pangani ungenifaa kuliko ile milioni na laki 8 ya mama yangu!

Hiyo sm 212 nimeisoma nishamaliza chuo. Kaka yangu seremala akachukua futi yake, akapima ukutani pale uani, akachora mstari kwa chaki. Nikavua ndala, nikasimama kwa vidole, nikajinyoosha mpaka mbavu zinauma, mkono ukaishia chini ya mstari kama upana wa vidole vinne. Nikarudia. Nikarudia tena. Mama yuko pembeni na beseni lake anaangalia, hakusema neno, akainama akaendelea kupara samaki. Mimi nina sm 156 wakuu, sijafupishwa na ugonjwa, nlikuja hivihivi siku ya kujisajili, ada wameipokea kwa mafungu matatu na hakuna hata mmoja aliyeshika futi kunipima.

Baadae akaja ajenti wa kutafutia watu kazi za ndege, anataka laki na nusu ya "medikali", yani vipimo vya afya, ndo uitwe usaili. Najua mtanicheka, nlilipa. Nimetoka stendi ya Kange alfajiri, nafika Dar ofisi imefungwa, tuko wasichana kama 20 tumevaa suti nyeusi kama tunaenda kuzika, mlinzi anasema hao walihama wiki ilopita. Shirika la ndege la kweli halimtozi mtu hela ya kuomba kazi, hilo nalo chuoni halikua kwenye somo.

Na wale wa "ungeanzia chini", nimeanzia chini. Kaunta za chekini nimeomba, mizigo nimeomba, hata kusafisha ndani ya ndege nimeomba, wote wanataka uzoefu miaka 2, sasa uzoefu wa kufagia ndege nautoa wapi, nianze na daladala? Mtaani Makorora washanipa jina, nikipita watoto wanaita rubani rubani. Mkopo mama kaumaliza juzijuzi tu.

Sasa leo asubuhi nimewapigia chuo waitoe hiyo picha. Hiyo skafu yenyewe siku ya mahafali tulikodishiwa elfu 15 kila mtu, tukapiga picha, tukarudisha hapohapo mlangoni. Kapokea yuleyule dada wa mapokezi, nimemweleza yoote mpaka nikalia, kaniacha nimalize halafu ananambia "mbona umependeza mpenzi, au unataka kurudi usome diploma, mwezi huu kuna punguzo".