Mnaofundisha kwamba "by" ni "na", mnatupoteza!

Wakuu, nimechoka na haya masomo ya Kiingereza yanayomwagwa mitandaoni. Kila ukifungua unakuta jedwali: "in" ni "ndani", "on" ni "juu ya", "by" ni "na". Mstari mmoja, imeisha hiyo! Mtu anakariri, anaondoka akiamini "by" ameshaimaliza.

Haya, mpeni sentensi hii: "The letter was written by the window." Kwa hiyo "na" yenu, barua imeandikwa na dirisha! Hapo "by" ni kando ya, na ndiyo maana yake ya zamani kabisa, ukaribu. Wajerumani mpaka leo wana "bei" ya ukoo huohuo. Kwa nini msianzie hapo?

Kinachoniudhi zaidi ni suala la muda. "Send the report by Friday" maana yake kufikia Ijumaa iwe imeshatumwa. Ukituma Jumatano sawa, Jumamosi umechelewa. Sasa sisi "hadi" yetu inabeba mengi: "nitakuwepo hadi Ijumaa", na wengi husema pia "uwe umemaliza hadi Ijumaa". Kiingereza kinatenganisha. Jambo linaloendelea mpaka siku hiyo ni "until", linalotakiwa liwe limekamilika siku hiyo isipite ni "by". Matokeo yake mtu anamwandikia bosi "I will finish the work until Friday", na katika kozi nzima aliyoilipia hakuna aliyemgusia hilo. Huo ni uzembe!

Kwenye hesabu ndiyo balaa. Bei ya 1,000 ikipunguzwa "by 40 percent" inabaki 600. Ikipunguzwa "to 40 percent" inabaki 400. Unaweza kuwa mkali wa hesabu na bado ukakosa swali, au ukasaini mkataba usiouelewa.

Bado sijataja "by bus", "by hand", "by mistake", wala "by herself" ambayo ni peke yake, bila msaada. Hizo angalau mtu atazizoea akisoma sana.

Futeni hayo majedwali, fundisheni kwa sentensi nzima. Na nyie mnaouza kozi, njooni mjibu hapa hapa: tofauti ya "by" na "until" mmeieleza kwenye somo la ngapi?