Gumzo la Kikundi cha Ukoo: Shamba Letu na Misaada ya Serikali

Shangazi: Hamjambo nyote. Mji umefika kwenye mpaka wa shamba letu, na kabla hatujamjibu mnunuzi yeyote naomba tujadili misaada ambayo serikali huwapa wakulima wadogo walio katika hali kama yetu. Mimi ninaifahamu ruzuku ya mbegu na mbolea tu.

Mpwa: Shikamoo Shangazi. Ruzuku hiyo inafaa, lakini haigusi kinachowaondoa wakulima pembezoni mwa miji. Mji ukikaribia, ardhi huthaminiwa kama viwanja vya kujenga na kodi hupanda kwa thamani hiyo, ilhali mavuno ni yaleyale. Ndiyo maana jimbo la Maryland, Marekani, liliamua mwaka 1956 kulitoza shamba kodi kulingana na matumizi yake ya kilimo. California ilifuata mwaka 1965 kwa sharti zito zaidi: mkulima hufunga mkataba usiopungua miaka 10, nao hujirefusha kila mwaka hadi upande mmoja utoe taarifa ya kujitoa.

Baba Mdogo: Na mkulima akifariki katikati ya mkataba? Hilo ndilo swali langu, kwa sababu sisi tunaolima tumekwisha zeeka.

Mpwa: Ni swali la msingi, Baba Mdogo. Japani, ambako mashamba yaliyo ndani ya miji hupunguziwa kodi kwa ahadi ya kulimwa miaka 30, mkulima mkuu akifariki au akishindwa kabisa kufanya kazi, familia inaweza kuiomba manispaa iinunue ardhi hiyo. Kwetu tusikubali mpango wowote usiolieleza jambo hilo kwa maandishi.

Kaka: Punguzo la kodi halilipi ada za watoto. Je, hakuna mpango unaotoa fedha taslimu?

Mpwa: Upo, Kaka. Marekani, mkulima akikubali kuuza haki ya kujenga kwenye shamba lake, serikali kuu huchangia hadi nusu ya thamani ya haki hiyo, na kwa kawaida wadau wengine hukamilisha kiasi kilichobaki. Shamba hubaki lako, unalima na hata unaweza kuliuza, ila halijengwi tena, na kwa kawaida zuio hilo ni la kudumu.

Baba Mdogo: La kudumu mimi sitalitia saini. Wajukuu hawajaulizwa.

Shangazi: Nakubaliana nawe kabisa. Lakini hati bado ina jina la marehemu Babu, je, tutasikilizwa?

Mpwa: Hapo ndipo wengi hukwama, Shangazi, maana karibu kila mpango hudai uthibitisho wa umiliki. Marekani ililazimika kuingiza katika sheria ya kilimo ya mwaka 2018 kipengele cha kuwaruhusu warithi wasio na hati safi kuthibitisha kwa nyaraka nyingine kwamba ndio wanaolima. Tusisubiri kuhurumiwa namna hiyo.

Shangazi: Basi mirathi kwanza. Baba Mdogo, naomba ulete cheti cha kifo na ile hati. Kaka, andika majina ya warithi wote, pamoja na walio mbali, na pasiwe na hata mmoja atakayesahauliwa.