Utafiti wa vikundi kuhusu teknolojia mpya: nifanyeje ili wanafunzi wajizoeze Kiingereza badala ya kunakili?

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Ndugu walimu na wadau wa elimu, salaam. Ninafundisha Kiingereza katika sekondari moja ya kata hapa Tanzania, na muhula huu nimewapa wanafunzi wa Kidato cha Tatu kazi ya utafiti wa vikundi kuhusu teknolojia mpya. Kila kikundi huchagua teknolojia moja, hukusanya taarifa, huandika ripoti fupi kwa Kiingereza na kuiwasilisha mbele ya darasa. Shabaha yangu ilikuwa wapate kwanza jambo la kusema, ndipo lugha ifuate, kwa kuwa wengi wao walisoma karibu masomo yote kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha wakafika sekondari na kukuta vitabu vimegeuka kuwa vya Kiingereza.

Kilichotokea ni kwamba vikundi karibu vyote vilikimbilia akili mnemba, roboti na magari yasiyo na dereva, na vikaleta ripoti zenye Kiingereza kizuri kuliko changu. Msichana mmoja alisoma aya nzima kuhusu vihisi vya magari hayo bila kukwama. Mwenzake alipomwuliza gari linatambuaje kwamba kuna mtu anavuka barabara, aliisoma upya aya ileile, safari hii kwa sauti ya chini, kisha akanitazama mimi. Na ndani ya vikundi, mmoja anayejiweza ndiye anayeandika na kusema, wengine wameshika kalamu tu.

Naomba mnishauri namna ya kuchagua mada, kiasi ambacho Kiswahili kinaweza kuruhusiwa, na jinsi ya kutoa alama ili asiyefanya kazi asibebwe na wenzake. Mazingira yetu ni kompyuta chache, intaneti ya bando la simu yangu mwenyewe, wanafunzi wasioruhusiwa kuja na simu shuleni, na vipindi vya dakika 40. Nawasilisha.

Mwalimu wa Kilifi

Mwalimu mwenzangu, salamu kutoka Pwani ya Kenya. Kwa maoni yangu tatizo limeanzia kwenye mada, wala si kwenye uvivu wa wanafunzi. Ukimwambia kijana aandike kuhusu roboti, hana pengine pa kuanzia ila kwenye maandishi ya watu wengine, na maandishi hayo tayari yako katika Kiingereza. Atafanya nini zaidi ya kunakili? Mpe swali ambalo jibu lake halijaandikwa popote kwa namna anayoitaka. Badala ya "teknolojia ya pesa kwa simu", mwulize wakala wa sokoni hufanya nini floti, yaani salio lake la kuhudumia wateja, inapomwishia siku ya mnada, na nani humsaidia. M-Pesa ilianza kwetu mwaka 2007 na kwenu mwaka 2008, kwa hiyo kila mwanafunzi wako amekua nayo, lakini ni wachache waliowahi kumwuliza wakala jinsi anavyopata kamisheni yake.

Hapo suala la lugha litajitatua kwa sehemu kubwa. Wakala atahojiwa kwa Kiswahili, maelezo yataandikwa daftarini kwa Kiswahili, na hakuna mahali pa kunakili Kiingereza chake. Mwanafunzi atalazimika kukitunga.

Nisingependa upige Kiswahili marufuku. Sisi wengine tulivalishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani, na tulichojifunza ni kunyamaza.

Fundi Mita

Mimi si mwalimu, ni fundi umeme, lakini naona kuna mada mlangoni pa kila nyumba ambayo mnaipita. Mada hiyo ni mita ya LUKU, yaani mita ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Wanafunzi wenu huingiza tarakimu 20 kwa vidole vyao wenyewe, umeme unarudi, na hawajiulizi mita imejuaje kwamba kuna mtu amelipa. Wengi hudhani kuna mawasiliano ya mtandao kati ya mita na ofisi. Kwa mita hizi za kawaida mawasiliano hayo hayapo kabisa. Taarifa yote imefungwa kwa siri ndani ya zile tarakimu, ambazo ndizo huitwa tokeni: kiasi cha yuniti na wakati tokeni ilipotolewa. Mita ina ufunguo wake wa kuifungua, ndiyo maana tokeni ya jirani haikubali kwako, na tokeni iliyokwisha kutumika haikubali mara ya pili.

Sasa lipo swali zuri zaidi la kikundi. Mwaka 2024 wateja walitakiwa kuingiza makundi ya ziada ya tarakimu kabla ya kuingiza umeme wenyewe, na mitaani zikazuka hadithi za kila aina, wengine wakisema ni njama ya kupandisha bei. Sababu yenyewe ni ya kihesabu. Kiwango cha kimataifa ambacho mita hizi hufuata, kiitwacho STS, huandika wakati wa tokeni kwa kuhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na hesabu hiyo ilipewa nafasi ya biti 24 tu, yaani tarakimu 24 za 0 na 1. Biti 24 zinabeba namba 16,777,216. Dakika hizo zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024, na mita ambayo ingekuwa haijabadilishwa ufunguo kwa yale makundi ya ziada ya tarakimu isingepokea tokeni mpya. Kwa hiyo zoezi hilo halikuwa la Tanzania peke yake. Lilifanyika katika nchi nyingi zinazotumia mita hizo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kugawanya dakika hizo kwa saa, siku na miaka akapata karibu miaka 32, na akahakikisha mwenyewe kwamba tarehe inaangukia hapo. Angalizo: wengi wataandika kwamba mita ndiyo iliyokuwa ikihesabu dakika. Hapana, muda huwekwa kwenye tokeni na mfumo unaouza umeme. Waache wabishane juu ya hilo, ni ubishi wenye faida.

Mwalimu wa Kilifi

Fundi, ahsante sana. Na sisi huku tulipitia hayohayo na tokeni zetu za stima. Kwa mwalimu wa Kiingereza hiyo ni mada tajiri mno: kuna wakati uliopita, kuna kauli ya kutendwa, na kuna sentensi za sababu na matokeo ambazo ndizo huwashinda wanafunzi katika insha.

Darasa Huru

Naomba nitofautiane kidogo na wachangiaji waliotangulia. Mada za karibu nazikubali, ila mnapuuza hatari ya Kiswahili kutawala kazi yote. Nimesimamia kazi za namna hii kwa muda mrefu, na nimeona kwamba kikundi kikihoji kwa Kiswahili, kikijadiliana kwa Kiswahili na kuandika rasimu kwa Kiswahili, mwishoni daftari hupewa yule mmoja anayejiweza ili atafsiri, na tatizo la mleta uzi linabaki palepale. Mahojiano na mtu wa nje yawe kwa Kiswahili, kwa sababu ni heshima kwa anayehojiwa. Kikao cha kikundi kinachofuata kiwe cha Kiingereza, lakini si kwa amri tupu. Wape sentensi chache za kuendeshea mjadala, kama vile "Why do you say so?" na "I don't agree, because…", ziandikwe kwenye bango ukutani, na kila mmoja alazimike kuzitumia kabla kikao hakijafungwa. Kiingereza chao kitakuwa kibovu kwa wiki za mwanzo. Usikisahihishe papo hapo; andika makosa yanayojirudia na uyafundishe katika kipindi kinachofuata.

Mkutubi

Kuhusu intaneti, mwalimu asitumie bando lake. Ipo programu ya bure iitwayo Kiwix, ambayo huwezesha kusoma Wikipedia nzima, au sehemu yake, bila mtandao, baada ya faili kupakuliwa mara moja na kuwekwa kwenye kompyuta au flashi. Ushauri wangu ni kupakua ile Wikipedia ya Kiingereza rahisi, ambayo huandikwa kwa sentensi fupi na msamiati mdogo. Makala zake ni chache na nyingine ni fupi mno, lakini mwanafunzi anaweza kuzisoma na kuzielewa, na akinakili sentensi, ni sentensi ambayo walau anaweza kuieleza. Faili lake pia ni dogo kuliko la Kiingereza cha kawaida, hivyo kompyuta za zamani zinalimudu.

Kikundi kinachotaka teknolojia ya mbali nacho kisinyimwe. Ndege zisizo na rubani zinazopeleka damu hospitalini nchini Rwanda tangu mwaka 2016 ni mada inayoelezeka kwa hatua: hurushwa kwa mtambo, hazitui hospitalini bali hudondosha kifurushi kwa mwavuli, kisha hurudi kituoni.

Mwalimu wa Kilifi

Limebaki suala la alama. Ninachofanya mimi ni kuvunja vikundi siku ya uwasilishaji. Hakuna anayesimama mbele ya darasa zima. Ninaunda vikundi vipya, kila kimoja kikiwa na mtu mmoja kutoka katika kila kikundi cha zamani, na kila mmoja anaeleza utafiti wa kwao akiwa peke yake, bila karatasi isipokuwa mchoro. Wasikilizaji wanaandika wanachokisikia na kuuliza maswali. Nusu ya alama hutokana na ripoti ya kikundi, na nusu nyingine hutokana na walichoandika wasikilizaji: kama watano wamemsikiliza na hakuna aliyeelewa, alama zinaonyesha. Yule anayejiweza huanza mwenyewe kuwafundisha wenzake kabla ya siku hiyo, maana hatakuwapo kuwasemea. Lawama zipo, hasa kutoka kwa wazazi wa wanafunzi waliozoea kuongoza.

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Nawashukuru nyote. Nitaanza na mita, vikundi vyote mada moja lakini maswali tofauti: kimoja kifanye hesabu ya dakika, kingine kihoji familia walivyopokea zoezi la mwaka 2024 na hadithi walizozisikia, kingine kieleze kwa nini tokeni ya jirani haikubali. Wazo la Darasa Huru la bango nimelichukua, na la kuvunja vikundi vilevile, ingawa kwa darasa langu itabidi nitumie vipindi viwili vinavyofuatana na kumwomba mwalimu wa hesabu anipishe. Yeye, kwa hizo biti 24, nadhani atakubali. Swali la mwisho kwa Fundi: shule ina mita ukutani nje ya ofisi; je, ninaweza kuwapeleka wanafunzi waiangalie?

Fundi Mita

Wapeleke, mwalimu, waisome namba ya mita na kuilinganisha na iliyo kwenye risiti ya umeme. Lakini mwambie kiranja wako asimame karibu, na mtu yeyote asiguse sili, ile lakiri ya kufungia mita. Sili ikikatika, kwa shirika la umeme hiyo ni kuchezea mita, na atakayeitwa kujieleza ni mkuu wa shule.